Mashimo

Mume wangu alichimba mashimo miaka kumi na tisa
huko Welkom, chini, chini sana ya nyayo za watu.
Aliniletea redio,
blanketi la buluu lililofumwa mahindi pembeni,
na kikohozi.
Kikohozi kiliondoka naye.

Basi katekista Thesele aliposimama kanisani
akasema, "Mwaka huu tuiache plau, tuchimbe mashimo,"
nilicheka hadi Mamosa akanipiga kiwiko.
Mashimo tena!
Mjane gani wa Lesotho hajui shimo?

Lakini akaja na kamba,
kamba ya katani iliyofungwa vifuniko vya soda,
kutoka kifuniko hadi kifuniko, hatua moja fupi.
Tulikuwa wanawake kumi na mmoja na mwanamume mmoja kiziwi,
mwezi Julai, theluji bado imejibanza kivulini mwa mlima,
jembe likigonga ardhi kama linabisha hodi
kwa mtu aliyeapa hafungui.

Shimo la kina cha kiganja na nusu.
Samadi gao moja, jivu kidogo, mbegu tatu.
"Msiupindue udongo wote," alisema,
"aliyeutandika alijua juu ni wapi."
Akatusomea habari za mtu wa kwanza na bustani yake,
akakifunga kitabu juu ya kidole.
"Aliagizwa mawili: kulima, na kutunza.
La kwanza tumelifanya hadi tukafika kwenye mwamba.
La pili je?"
Hakuna aliyejibu.
Dirishani tuliliona korongo,
lile lililokuwa kijia cha ng'ombe nilipoolewa,
sasa linameza kondoo.

"Na mkishavuna, mabua yabaki palepale.
Udongo nao husikia baridi.
Nani kati yenu katoka kwake leo bila blanketi?"
Hapo ndipo aliponipata.

Ila kwetu desturi ni hii:
mahindi yakishaingia ndani, shamba ni la kwato zote.
Ng'ombe wa shemeji yangu Lebusa walifika na jua
wakalila blanketi la udongo wangu, bua kwa bua,
na mchungaji wao, mtoto wa miaka tisa,
aliniamkia kwa adabu kabisa.
Nilimpa uji. Ningemchapa kwa kosa gani?

Nilimwendea Thesele nikiwa na moto mdomoni.
Alifunua kurasa, akafunua, akafunga.
"Sina aya ya ng'ombe, mama. Twende kwa Lebusa."
Lebusa alitusikiliza huku akinoa kisu.
"Imani yenu nzuri," akasema, "lakini fahali haishibi."
Kisha akauliza nitampa nini.

Nilimpa redio.

Siku hizi jioni naisikia ng'ambo ya bonde,
taarifa ya habari ikikatizwa na kengele za mbuzi,
na yule mtoto akizijibu nyimbo asizozijua maneno.
Kiziwi aliacha. Mamosa amerudia plau,
anasema mgongo wake hauna wokovu huo.
Mimi nilipata magunia manne mwaka wa mvua ya mawe,
pale nilipozoea mawili na debe.
Si muujiza. Manne.

Nimefika mashimo elfu moja na mia mbili.
Usiku mikono hunikaza kama ilivyomkaza yeye,
nami humwambia gizani:
wewe ulichimba ili kutoa, baba watoto,
mimi nachimba ili kuweka,
na hakuna anayenipekua nikitoka.

Jana niliinua bua moja lililooza.
Chini yake unyevu, ilhali wiki sita hakuna wingu,
na nyungunyungu mmoja mnene
akajikunyata ghafla
kama mtu aliyefunuliwa usingizini.

Nikamfunika.