Kilo Nne na Robo

Muuza duka wa Keswick aliniuliza uzito wa paka
kama anayeuliza uzito wa nyanya.
Kilo nne na robo, nikasema. Kiburi hakimo.

Lile la dirisha la duara nililikataa:
kwa picha zuri, jua likiwaka ni jiko.
Nikachukua la wavu pande tatu,
kitako kigumu, kamba fupi ndani asije akaruka,
mkanda wa kifuani, mabega yasibebe peke yao.

Siku nne lilikaa wazi sebuleni.
Bizari akalizunguka kama mdai.
Ya tano nikakuta manyoya ndani,
na soksi yangu iliyopotea.

Jumamosi tukapanda Catbells.
Nikitua, namnywesha kwa kifuniko cha chupa;
yeye anawatazama kondoo
kwa dharau ya abiria wa daraja la kwanza.

Kisha upepo. Akajikunja,
joto lake likapenya mgongoni, palepale
alipolala Mwanaidi, miaka ishirini na mitatu sasa,
kabla hajawa wa simu ya Jumapili.

Mbeleko yake niliigawa.

Kileleni nikafungua zipu inchi moja.
Ikatoka pua, ikainusa Uingereza yote,
ikarudi ndani.