Bado

Mbwa wangu anaitwa Bado.
Ni jina la uvivu. Watoto wa jirani
waliuliza kila asubuhi, umeshampa jina?
nami nikijibu bado, bado,
hata mwenyewe akaanza kugeuka.

Uwanja wetu uko nyuma ya kiwanda cha mbao, Mafinga,
maranda hadi kifundo cha mguu.
Viunzi nimevigongelea mwenyewe kwa mabanzi ya paini.
Handaki ni tanki la maji lililopasuka, nikalitoboa pande zote mbili.
Fito kumi na mbili za kupenyeza
ni mianzi ya Kihwele mgema,
aliyezihesabu mara mbili akinikabidhi
kana kwamba nimemkopa meno.

Alfajiri, mwezi wa saba.
Umande umeganda, nyasi zinakatika chini ya gambuti.
Wapasua mbao wanaota moto, mikono kwapani:
"Chengula! Mbwa wa kulinda nyumba unamfunza sarakasi?
Mwizi akija,
atamrukia au atamruka?"

Nikacheka nao. Jibu sikuwa nalo.

Miezi mitatu nilipiga kelele.
Kushoto! Kulia! Juu! Rudi, we mbwa, rudi!
Sauti ikakauka, firigisi za kumtunza zikaisha mfukoni,
na kila siku, kiunzi cha nne, palepale,
Bado anakata kona kuelekea motoni
kuwasalimia wanaotucheka.

Ni Wendelina, binti yangu, miaka tisa,
aliyekaa juu ya gogo akimenya muwa:
"Baba, hakusikilizi mdomo.
Anakusoma bega.
Na wewe ukifika pale unageuka kuwatazama wale."

Kesho yake nikafunga mdomo kama gunia la viazi.
Bega likaenda kulia, mbwa akaenda kulia.
Nikasimama, akasimama.
Niliona haya, kusema kweli,
kama mtu aliyegundua amekuwa akiongea usingizini
na nyumba nzima inajua siri zake.

Ikabaki pembea.
Ubao ule ukigonga chini, paa!
Bado anarudi kuwa kile kitoto
nilichokivuta chini ya lori
siku minyororo ilipokatika, magogo yakashuka.
Basi nikatandika godoro.
Wiki mbili baadaye, magunia mawili.
Kisha gunia moja.
Kisha sweta yangu, na mimi natetemeka pembeni.
Kisha mkono mmoja tu wa sweta.
Kisha udongo.

Uyole, siku ya Nanenane, mbwa saba.
Mmoja ana mkanda wenye namba ya simu.
Kipaza sauti: "Anayefuata ni... Bado.
Samahani. Bado nini?"
Uwanja ukaangua kicheko, hata majaji.
Safari hii sikugeuka.

Kiunzi cha nne akakipita kama si yeye.
Tairi. Tanki, lao lilikuwa handaki la kitambaa, jekundu,
akalinusa kwanza kama mgeni anayepewa kiti.
Halafu pembea,
na katikati ya ubao, kipaza sauti kikapiga mluzi,
ng'ombe wa maonyesho wakajibu,
na Bado akaganda.

Kumgusa hairuhusiwi.
Saa inakwenda.
Nikakunja magoti kidogo, nikashusha bega,
nikapumua kama tunavyopumua kule kwenye baridi,
polepole, moshi unaonekana.
Mguu mmoja.
Mwingine.
Paa.

Akakung'uta masikio, akaziingia fito,
moja, mbili, nikizihesabu kwa meno,
hadi ya kumi na mbili.

Tulikuwa wa sita.
Wa saba alitorokea kwa muuza mishikaki.

Tukarudi usiku juu ya lori la viazi,
turubai limetufunika, Makambako ni taa chache na vumbi.
Mafinga, Kihwele alikuwa macho, labda kwa ajili ya fito zake.
"Mmeshinda?" akauliza gizani.
Nikamjibu kwa neno moja,
na kule juu ya magunia
mtu wangu akainua kichwa, akidhani ameitwa.