Baki

Dirisha la tatu, Chake, saa tano asubuhi.
Mkononi bahasha ya kaki, na ndani yake barua ya ajira
iliyopigwa chapa zamani, kwa mashine ya mkono,
neno *kudumu* limekolea wino kuliko mengine yote.

Nyuma ya kioo, Salhina Faki.
Darasa la tano B, skuli ya Kiuyu, dawati la mlangoni,
aliyekuwa akilia kila tukifika kugawanya kwa njia ndefu.
"Shikamoo, mwalimu. Unataka kuacha?"
Nikasema ndiyo, kwa sauti iliyonibakia.
Nyingine imeliwa na chaki.

Sikumwambia habari ya kaka yangu Shaame,
aliyeacha Limbani tanuri la boflo na deni la unga,
na mjane anayeliwasha alfajiri peke yake.

Akabonyeza. Akangoja. Akabonyeza tena.
"Michango haijatimia. Imepungua miezi tisa.
Ukitoka leo utarejeshewa ulichochanga, basi.
Ya kila mwezi hupati."

Miezi tisa!
Marehemu mama angecheka:
mtu mzima na ndevu zake anadaiwa mimba.

Haba na haba, nimeimbisha watoto miaka yote, hujaza kibaba.
Hakuna aliyeniambia kibaba kina mstari,
na kilicho chini ya mstari hakiitwi kitu.

"Na kiinua mgongo?"
Nikauliza kama anayeuliza bei ya nguru
na mfukoni ana ya dagaa.
Akatikisa kichwa.
Mgongo ninao, huu hapa, umepindia madaftari.

Ndipo akaiacha mashine, akavuta karatasi,
akapanga hesabu kwa njia ndefu,
namba chini ya namba, taratibu, bila kufuta,
na mwisho akaandika tisa pembeni, akaizungushia duara.
"Baki haitupwi," kasema. "Si wewe uliyetufundisha?"

Nikaikagua mara mbili.
Nilitamani, Mungu anisamehe, awe amekosea.

Fomu nimeikunja mara nne, imo mfukoni, haina saini.
Usiku nitakanda Limbani,
asubuhi nitagawanya Kiuyu.
Na Jumatatu, nikiingia na unga kichwani,
yule mtoto mmoja, hakosekani darasa lolote,
atanyoosha kidole:
"Mwalimu, umezeeka lini?"