Ngoja Ipate Moto

Kwenye mkebe wa biskuti uliolika kutu ukingoni
baba aliniachia valvu kumi na tisa,
kila moja imeviringishwa kipande cha gazeti
kama yai la kupelekewa mgonjwa.

Duka lake lilikuwa Kibokoni, mlango mmoja,
kati ya mshona kanzu na muuza kahawa tungu.
FUNDI FAMAU, REDIO NA GRAMAFONI, ubao ulisema,
herufi ya kwanza imechubuka. Hakuirekebisha.

Mteja akileta redio, hakumuuliza imeharibikaje.
Aliichomeka, akakunja mikono, akasema,
"Ngoja ipate moto."
Tukangoja. Uzi ndani ya kioo ukawa mwekundu,
rangi ya zafarani iliyorowekwa,
vumbi likanuka, na kutoka mbali,
kama mtu apandaye ngazi akihema,
sauti ikaja.

Nilikuwa na miaka minane. Nikauliza mna nini ndani.
"Hamna kitu."
Nikacheka. Mwalimu wetu hakuchoka kutukemea
kwamba debe tupu haliachi kuvuma.
Baba akainua valvu kwenye mwanga wa dirisha:
"Debe lina hewa, ndipo likavuma.
Humu hata hewa hamna. Hili ombwe, mwanangu.
Ombwe halivumi. Lasema."

Akanionyesha uzi uchemkao, bamba lingojalo,
na katikati wavu, mwembamba kuliko wa chandarua:
huyu ndiye bawabu.
Mnong'oneze hapa, kule bambani patoke kishindo.
Sikuelewa. Nilielewa neno bawabu.

Kilindini, aliniambia, ofisi moja ya bandari
ilikuwa na mashine ya hesabu, ukubwa wa chumba cha kulala,
valvu mia nne zimesimama safu kwa safu
zikijumlisha magunia ya kahawa na marobota ya katani.
Usiku mmoja ikaanza kusema uongo.
Magunia elfu sita yakawa elfu mbili.
Wenye tai wakafungua vitabu vya michoro.
Baba akaomba wazime taa za ofisi.
Gizani mashine ikawaka kama ukumbi wa maulidi,
na safu ya saba, ya tatu kutoka chini,
pengo. Kama la jino.
Akalipwa shilingi kumi na tano,
akarudi kwa miguu kupitia Ganjoni,
kidole gumba kimeungua.

Transista ilipofika ilikuwa kama punje ya choroko.
Haikungoja kitu. Ukiibonyeza, yasema.
Bi Shamsa peke yake aliendelea kuileta redio yake ya mbao,
kwa sababu, alisema,
hizi mpya hazijui kusafisha koo.

Chumvi ya mji huu hula miguu ya valvu;
baba aliisugua kwa ndimu, kisha msasa.
Lakini kioo kikipata ufa hakuna dawa.
Kile kipaku cha fedha utosini hugeuka cheupe
kama jicho la samaki mchuzini.
Hewa imeingia. Hii hii tunayoivuta.

Mwaka wake wa mwisho pumu ilimshika.
Hospitali ya Makadara wakamtia bomba puani,
naye akawa ananiashiria kwa kidole,
utosini, duara, utosini,
sikujua kama anataka kofia
au ananifanyia mzaha.

Sasa natengeneza simu, Barabara ya Digo.
Ndani ya kila moja, wasema, mna mabawabu mabilioni,
wala hata mmoja humwoni akiwaka.
Wateja husimama wakitikisa funguo. Fanya haraka, dada.

Jana wajukuu wa Bi Shamsa waliniletea ile ya mbao, niitupe.
Nikafunga kibanda. Nikafungua gazeti moja, nikachomeka,
nikahesabu kwa sauti.
Nilipofika ishirini na sita, uzi
ukawa mwekundu. Stesheni hamna tena masafa yale,
ni mngurumo tu,
lakini kwanza
ilisafisha koo.