Mwaga Usiku

Volga ya baba ilikaa miaka sita chini ya turubai
nyuma ya nyumba yetu, hapa Gyumri.
Nilipofungua boneti, Oktoba, panya mmoja akaondoka
bila haraka, kama mpangaji anayejua haki zake.

Juu ya rejeta, plasta ya kidonda na mwandiko wa baba.
Neno la kwanza limefutika, la pili limebaki: *usiku*.
Nikadhani ni rangi. Buluu ya usiku, labda.
Baba aliandika kama alivyosema:
nusu sentensi, kisha sigara.

Dukani kwa Zhirayr madumu yamepangwa kama sharubati:
nyekundu, kijani, buluu, na moja la njano lisilo na jina.
"Chukua nyekundu," anasema, "inakaa miaka mitano,
magari ya Wajerumani yote hunywa hii."
Namwambia langu si la Wajerumani.
Langu limezaliwa mwaka mmoja na dada yangu Siranush,
na wote wawili hupanda joto kwa neno moja.
Anacheka. Bei haicheki.

Nikarudi mikono mitupu.
Nikabandua sumaku ya mlango wa friji,
nikaiweka kwenye rejeta: ikaanguka.
Nikakwangua rangi nyeusi kwa msumari, kidogo tu,
mahali ambapo hata yeye asingepaona,
ikachungulia shaba,
nyekundu kama sikio la mtoto kwenye baridi.
Shaba, na viungo vyake vimeshikwa kwa risasi;
matone ya mkono wa fundi yanaonekana bado.

Ile nyekundu ilitengenezewa alumini.
Kwangu ingekuwa mgeni mstaarabu
anayekula taratibu hadi akafika kwenye mshono.
Ukiichanganya na nyingine, huenda ikaganda uji.
Na rangi si kiapo, kila kiwanda hupaka kitakavyo.
Siku ya pili nikageuza madumu yote, nikasoma migongo yao,
herufi za ukubwa wa chawa,
Zhirayr akihema nyuma yangu,
hadi kwenye lile la buluu: silikati; yafaa shaba, yafaa risasi.

Kabla ya kumimina nikafungua koki ubavuni mwa injini
nione alichoacha ndani. Nikatega sahani nyeupe.
Haikutoka buluu, haikutoka kijani.
Lilidondoka gamba moja la kutu, likalia *ti* kwenye sahani.
Ndani hamkuwa na kitu.

Hapo plasta ikasomeka hata pale ilipofutika:
*Mwaga usiku.*

Miaka ile ya giza, umeme saa moja kwa siku,
tulichoma rafu, kisha vitabu vilivyokuwa juu yake.
Nani angenunua dawa ya rejeta?
Baba alitia maji ya bomba, na kila usiku
alitoka na koti juu ya pajama, akafungua koki,
gari likakojoa kwenye theluji,
maana maji yakilala ndani huamka barafu,
na barafu haiombi nafasi, hupasua chuma.
Alfajiri, birika mbili za moto.
Nilizisikia usingizini. Nilidhani anapika chai.

Nimesuuza mara tatu.
Nusu buluu, nusu maji ya betri, lita kumi na moja na kidogo.
Tone lililoanguka nimelifuta kwa kitambaa, kisha kwa goti:
ni tamu, na paka wa jirani hajui kwamba utamu huua.

Usiku huu ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Nimelala, nimeamka, nimefika hadi mlangoni
na koti juu ya gauni la kulalia,
mkono tayari unajua njia ya koki.
Nimeurudisha mfukoni.
Lala na maji yako tumboni, mzee.

Asubuhi nimechemsha birika mbili.
Moja ni ya chai.
Ya pili ipo tu jikoni, inapoa.