Chupa ya Jamu Kutoka Kibosho

Jumamosi mchana, zahanati ya Pasua.
Foleni imekwisha, sakafu inanuka spiriti.
Ndeshi, mtoto wa dada, kashuka na gari la ndizi
kapakata chupa ya jamu mapajani:
maji ya mfereji, jani kavu la mgomba,
siku nane dirishani. Yananuka kuliko spiriti.
"Mamdogo, mwalimu kasema humu mna watu."
Watu hamna. Sogea. Fumba jicho moja.

Umeme umekatika. Nageuza kioo cha hadubini
kinase jua la juu ya bati la jirani.

Wa kwanza anapita mbio, umbo la kandambili,
vinywele mwili mzima vinachapa maji.
Akigonga uchafu anarudi nyuma, anapinda kidogo,
anajaribu tena. Hanuni.
Ubavuni ana kishimo; bakteria wanafagiliwa humo
kama kiganja kinavyokusanya makombo mezani.

"Na huyu, amemwagika?"
Hajamwagika. Ni amiba, anatembea:
anajimimina upande mmoja, kisha anajifuata.
Mguu anautunga akiuhitaji, akimaliza anaurudisha.
Chakula hatafuni, anakikumbatia;
kumbatio likifunga, ndipo tumbo linapoanzia.

Kisha yuglena, kijani, mjeledi mmoja mbele,
doa jekundu la kuutafutia mwanga.
Juani anajipikia. Gizani anaokota.
"Basi mmea." Ngoja.
"Basi mnyama." Ngoja, nimesema.

Chuoni tulikariri himaya tano,
hawa tukawapa yao, tukaandika jina mlangoni.
Kumbe ilikuwa ile droo ya jikoni:
kifungo, kipande cha mshumaa,
ufunguo wa kufuli lililoibwa,
vitu visivyo na undugu ila droo.
Sasa wasomi wameimwaga mezani,
wanasoma kilichoandikwa ndani ya kiini,
na amiba, yule uliyedhani uji,
yuko karibu na uyoga, karibu na mimi na wewe,
kuliko na jirani yake wa kandambili.

"Kandambili naye, ndugu zake nani?"

Hapo nikanyamaza kidogo.
Kisha nikavuta trei ya asubuhi,
kioo cha mkata miwa wa Arusha Chini,
damu iliyopakwa rangi ya zambarau.
Tazama: pete ndogo, kito kimoja.
Hana kinywele, hana mjeledi.
Humu damuni hatembei, anabebwa.
Kaingia ndani ya chembe nyekundu, anaila kutoka ndani,
mpangaji anayetafuna kuta.
Huyu ndiye wa ukoo wa kandambili.
Leo nimemhesabu mara kumi na saba kabla ya chai.

Ndeshi akabadilisha jicho.
Akarudi kwenye tone la mfereji, akakaa sana.
"Wanajuana?"

Tone lilikuwa linakauka kuanzia pembeni,
kandambili akizunguka, akirudi nyuma, akipinda,
na ukingo ukimsogelea.
Nikachukua bomba.
Nikaongeza maji.