Fundi wa Vitasa

Mama alibadilisha kitasa mara tatu.
Kwanza, nilipouza moyo wa dhahabu wa bibi,
ule uliosukwa kwa nyuzi nyembamba kama nywele za kichanga,
aliouvaa siku ya ndoa yake kule Viana.
Nilipewa euro arobaini. Sikubishana.
Mara ya pili, pasi na redio.
Ya tatu siikumbuki. Mwulizeni Graciete,
dada yangu ana daftari.

Husemwa zimwi likujualo halikuli likakwisha.
Langu lilinijua kwa jina la ubatizo.
Lilijua ngazi ya nne ina ufa,
lilijua Mama hulalia ubavu gani.
Lilikula meno, likala kazi yangu ya gatini,
likala Disemba mbili nzima nzima,
likabakiza mkono wa kulia.

Kwa mkono huo napokea kikombe.
Gari jeupe husimama saa tatu asubuhi
chini ya maghorofa, kando ya mzunguko wa barabara,
nasi tunapanga foleni, kola juu,
kama watu wanaongojea basi lisilokwenda popote.
Muuguzi Otilia hasemi hongera.
Husema, "Mvua leo, Valdemar."
Nami nasema, "Mvua, kweli."
Kuna siku hayo ndiyo maongezi yangu yote,
na yanatosha.

Msinipongeze nanyi.
Nilishakaa miezi kumi na minne,
kisha usiku wa Mtakatifu Yohana, Porto nzima
ikigongana vichwa kwa nyundo za plastiki na kucheka,
dagaa wakichomwa kila pembe,
nikatoka kununua mkate
nikarudi Alhamisi.
Bila mkate.
Nikaanza tena kuhesabu moja.
Moja ni namba nzito.
Mbili hubebeka.

Mzee Abilio alinipa benchi la nyuma ya duka.
Mwingine angenipa ufagio; yeye alinipa funguo.
"Mwizi," alisema, "anajua nusu ya kazi hii tayari.
Nusu iliyobaki ni kuondoka mlango ukiwa mzima."
Nikajifunza kusikiliza kwa ncha ya kidole:
pini tano, kila moja na kimo chake,
na ukiiharakisha ya tatu,
ya kwanza hudondoka.

Juzi, simu dukani.
Mwanamke kafungiwa nje, kitasa kimekwama.
Abilio aliandika anwani, akanitazama,
akaiandika tena vizuri zaidi,
akanipa karatasi.

Alikuwa ameketi ngazini
na fungu la kabichi mapajani, koti la mazishi ya Baba mwilini.
Alisogeza magoti nipite.
Sikuuliza hali. Nilitoa vyuma vyangu.
Sekunde arobaini, labda hamsini,
vidole havikuwa vyangu siku ile.
Pini ya tano ikakaa.

"Kumbe siku zote ungeweza kuingia," alisema.
"Miaka mitatu sasa, Mama. Ningeweza."

Hakulia. Msidhani alilia.
Alihesabu ujira wa fundi mpaka senti ya mwisho
akadai risiti,
na wiki iliyofuata akaagiza funguo mbili,
akaacha mmoja juu ya kaunta,
akasahau makusudi kuuchukua.

Ninao shingoni, kwenye kamba ya kiatu.
Haulipii moyo wa bibi. Haulipii hata redio.

Na bado nabisha.
Kila Jumapili napanda, naruka ngazi ya nne,
natua mfuko wa machungwa, napiga hodi
kama msoma mita.
Kutoka jikoni, kelele:
"Una ufunguo, mjinga wewe!"

Ninao.
Na yule mwingine pia anao,
maana tunatumia shingo moja, mimi naye.
Ndiyo sababu nasimama hapa juu ya zulia la mlangoni,
maji ya mvua yakinitoka kisigino,
nangoja aliye ndani
aje atazame
ni nani amwambie karibu.